Pua Iliyoziba Upande Mmoja Tu: Jichunguze Kabla ya Kununua Matone

Mimi ni muuguzi, na saa za jioni nasimama nyuma ya meza ya farmasi moja hapa Goma. Kuna swali ambalo nimelijibu mara nyingi hadi nikaamua kuliandika. Mtu anaingia, kidole tayari kiko juu ya tundu la kushoto: "Muganga, nipe dawa ya pua. Ni huku tu, huku kwingine kunapita." Anavuta hewa kwa nguvu ili nisikie, na pua inapiga mluzi. Namuuliza tangu lini. Tangu Pasaka, anasema. Na sasa tuko mwezi wa nane.

Kisha ananipa sababu ambayo sikumwomba: vumbi la volkeno, moshi wa mlima Nyiragongo, makala (mkaa). Hapo huwa namsimamisha. Vumbi la Goma nalijua. Mawe meusi ya mlipuko wa 2002 magari bado yanayasaga kila siku, na unga wake unaingia hadi kwenye kopo la sukari. Lakini Nyiragongo haichagui tundu. Vumbi, moshi wa mbabula (jiko la mkaa), baridi ya asubuhi na mafua vyote huingia kwa matundu mawili, na kwa kawaida huyasumbua yote mawili. Pua ikiziba upande mmoja, uleule, wiki baada ya wiki, basi tatizo liko ndani ya upande huo, na mtu anapaswa kuliona kwa macho kabla ya kulitibu. Mara nyingi ni jambo dogo. Mara chache ni jambo lisilongoja. Hatua zilizo hapa chini zitakusaidia kujua uko wapi.

Unachohitaji

- Kijiko cha chuma kinachong'aa, au kioo kidogo cha mfukoni.
- Simu yenye tochi, na mtu wa kukushikia.
- Karatasi na kalamu.
- Chumvi ya jikoni, maji yaliyochemshwa, na sirinji ya mililita 10 au 20 isiyo na sindano.
- Orodha ya kila kitu ulichokwisha kuweka puani: matone, majani, mafuta, tumbaku ya kunusa. Usifiche kitu, hakuna atakayekugombeza.
- Wiki tatu, moja ya kupima na mbili za kuosha, ila kama hatua ya kwanza itakuambia vingine.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la leo leo

Ukiona mojawapo ya haya, acha kusoma, nenda hospitali:

Mtoto amejiweka betri ndogo ya duara puani, ile ya saa, ya rimoti au ya vichezeo vinavyowaka taa. Betri hiyo huunguza nyama kwa saa chache tu na inaweza kutoboa ukuta wa kati wa pua. Usimwagie maji, usiweke matone, usingoje kesho. Hata kama huna hakika ni betri au kifungo cha shati, ihesabu kuwa betri.

Jicho la upande huohuo limevimba, linauma likigeuka, au mtu anaona vitu viwiliviwili, na ana homa. Uchafu wa kwenye mifupa ya uso umeanza kusogea kuelekea jicho.

Umeanguka na pikipiki au umepigwa puani, na siku hiyo au ya pili yake pua imeziba kabisa, inauma, na ndani unaona uvimbe laini mwekundu au wa zambarau kwenye ukuta wa kati. Hiyo ni damu iliyojikusanya ndani ya ukuta. Isipotolewa haraka, gegedu hufa na mgongo wa pua huzama. Kwa barabara zetu na moto (pikipiki) zinazobeba watu watatu, hili si la kufikirika. Nimeona kijana aliyekuja baada ya siku tisa akidhani ni uvimbe wa kawaida wa ajali. Pua yake ilikuwa imeshabonyea katikati, na hakukuwa na tone wala kidonge cha kuirudisha.

Baada ya kuumia kichwa, maji maangavu kama ya bomba yanadondoka upande mmoja, hasa ukiinama, na yana ladha ya chumvi kooni. Yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Usipenge pua kwa nguvu. Nenda.

Damu haikatiki. Kaa, inama mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua (si mfupa wa juu) dakika 15 bila kuchungulia. Rudia mara moja tu. Ikiendelea kutoka, nenda.

Hatua ya 2: Pima kwa kijiko, siku saba

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu hata franga moja.

Shika kijiko cha chuma chini ya pua, mgongo wake ukiangalia juu, ukikigusisha kidogo kwenye mdomo wa juu. Funga mdomo, toa pumzi polepole. Asubuhi ya Goma ina baridi ya kutosha, kwa hiyo ukungu unatokea mara moja: duara mbili, moja kwa kila tundu. Linganisha ukubwa wake. Fanya hivyo asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala, na uandike herufi moja tu: K kama kulia ndiko kunapita zaidi, S kama kushoto, au alama ya sawa.

Baada ya siku mbili tatu utaanza kuona kitu. Kwa watu wengi herufi hubadilika: asubuhi K, mchana S, usiku K tena. Hiyo ni pua yenye afya. Nyama za ndani za pua hujaa damu upande mmoja na kupumzika upande wa pili, kwa zamu, kila baada ya saa kadhaa. Daktari Mjerumani Richard Kayser alieleza jambo hili mwaka 1895. Ukilala ubavu, tundu la chini ndilo huziba. Ukigeuka, baada ya muda zamu inageuka nawe. Wengi wanaonijia na "upande mmoja" kumbe wana pande mbili zinazopokezana, ila wao wanaukumbuka ule wa usiku tu.

Kama siku saba zote zimeandikwa K, K, K, bila kushoto kufunguka hata mara moja, endelea mbele.

Hatua ya 3: Tazama ndani

Kaa kwenye kiti, egemeza kichwa nyuma. Msaidizi ainue ncha ya pua kwa kidole gumba na kumulika kwa tochi ya simu. Kisichotakiwa ni kuingiza chochote: si kijiti, si pamba, si kipini cha nywele.

Katikati mtaona ukuta. Kama umepinda na kugusa upande ulioziba, huenda jibu ni hilo, hasa kama uliwahi kupigwa mpira wa uso ukiwa mtoto. Lakini subiri kwanza: kuta zilizopinda ni nyingi mno mjini, na wengi wenye nazo wanapumua bila shida. Kama ukuta umepinda tangu utoto na pua imeanza kuziba mwaka huu, ukuta si jibu.

Pembeni mtaona nyama ya pinki, yenye unyevu, inayojitokeza kama kidole. Hiyo ni yako tangu kuzaliwa. Kila mwezi mtu hunionyesha picha ya nyama hiyo kwenye simu akiwa amekata tamaa ya maisha. Kinachopaswa kukutia shaka ni kitu cha kijivu kinachong'aa, laini kama zabibu iliyomenywa. Au nyama yenye mikunjo mikunjo inayotoka damu kirahisi. Au kidonda chenye gamba kisichopona.

Jaribio jingine: weka vidole viwili shavuni, karibu na pua, uvute ngozi kuelekea sikio. Kama hewa inapita mara moja, tatizo liko kwenye mlango wa pua, ambao ni mwembamba au dhaifu. Huo unarekebishika, na hauna haraka.

Hatua ya 4: Jiulize maswali haya, andika majibu

*Je, kuna harufu mbaya?* Kwa mtoto, makamasi ya upande mmoja yenye kunuka ni kitu kilichoingizwa puani hadi ithibitike vingine. Punje ya haragwe, shanga, kipande cha godoro, karatasi. Mama atasema mtoto hajaingiza kitu. Mtoto naye ataapa. Mimi siwaamini wote wawili. Kwa mtu mzima, harufu ya upande mmoja inanifanya nitazame meno.

*Je, una jino bovu la juu, upande huohuo?* Mizizi ya magego ya juu inakaribiana sana na uwazi ulio ndani ya shavu. Jino likioza, usaha hupanda. Mtu anatibiwa "sinusiti", yaani maambukizi ya uwazi huo, mwaka mzima, na kumbe aliyetakiwa ni daktari wa meno.

*Je, umetumia matone ya kufungua pua zaidi ya siku tano?* Yale yenye xylometazoline au oxymetazoline. Hapa najisema mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi niliyatumia miezi minne, kila usiku, chupa chini ya mto. Yanafungua ndani ya dakika chache, kisha yanapoisha nguvu pua inaziba kuliko mwanzo, nawe unaongeza tena. Ugonjwa unakuwa chupa yenyewe.

*Je, wewe ni seremala, au unafanya kazi kwenye vumbi la mbao?* Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vilivyothibitika vya saratani mwaka 1995, na pua ndiyo inayohusika. Ukipiga randa miaka ishirini bila kujifunika, na sasa upande mmoja umeziba, usingoje hata hizo wiki mbili.

*Je, kuna damu?* Si ile ya kuchokonoa. Nauliza kuhusu makamasi yenye michirizi ya damu, upande uleule, yanayojirudia.

*Je, sikio la upande huo limeziba, au kuna uvimbe shingoni?* Nyuma kabisa ya pua kuna sehemu usiyoweza kuiona kwa tochi. Uvimbe unaoota huko mara nyingi hujitangaza kwa sikio na shingo kabla ya pua.

Hatua ya 5: Osha pua, wiki mbili

Chemsha maji. Nasisitiza, maana bidoni (madumu) nyingi za mji huu zinajazwa ziwani. Maji yasiyochemshwa usiyaingize puani, hata kama unayanywa kila siku na hujaugua: vijidudu vingine ambavyo tumbo linavimudu, pua inavipitisha kuelekea ubongo. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari na maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaache yatokote sana dakika tatu, yafunike, yapoe hadi yawe vuguvugu.

Nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Koroga. Kama inachoma, ongeza nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda (baking soda).

Inama juu ya beseni, fungua mdomo, pumua kwa mdomo. Elekeza sirinji nyuma kuelekea sikio, si juu kuelekea macho, na usukume taratibu ukisema "aaa". Maji yatatoka upande wa pili au mdomoni. Fanya pande zote mbili, asubuhi na jioni. Penga tundu moja moja, kwa upole. Maji yaliyobaki yamwage baada ya siku moja, na sirinji uioshe kwa maji yaliyochemshwa.

Maji yakikataa kabisa kupita, usilazimishe. Liandike hilo kwenye karatasi, daktari atalipenda.

Hatua ya 6: Dawa ya kupuliza, kama umeandikiwa

Zile zenye mometasone, fluticasone au budesonide si sawa na matone ya kufungua. Hazifanyi kazi usiku huohuo, zinataka wiki mbili au zaidi za kila siku. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ili dawa iende pembeni na isiupige ukuta wa kati. Ukiupiga ukuta, utatoka damu na kuilaumu dawa.

Hatua ya 7: Amua

Baada ya wiki mbili za kuosha, kama herufi zimeanza kubadilika, endelea kuosha na ufurahi.

Kama bado ni upande mmoja bila alama nyingine yoyote, tafuta daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL, ndani ya wiki chache. Usiache ifike miezi mitatu.

Nenda wiki hiihii kama una mojawapo ya haya: damu inayojirudia upande huo, shavu limevimba au limekufa ganzi, meno ya juu yanalegea au meno ya bandia hayakai tena, jicho moja linatoa machozi au limesogea, uvimbe shingoni, sikio moja lililoziba kwa mtu mzima. Vilevile kijana wa kiume wa umri wa kubalehe anayeziba upande mmoja na kutoka damu nyingi: kuna uvimbe wa vijana hao ambao si saratani lakini umejaa mishipa ya damu. Mtu asikubali unyofolewe "kidogo tu kwa kupima" katika kituo kisicho na vifaa. Na mtoto ambaye taya au shavu linavimba haraka na meno yanacheza, mpeleke bila kungoja. Katika nchi zetu za malaria kuna saratani ya watoto, ya Burkitt, inayoanza hivyo, na dawa huiweza vizuri ikiwahiwa.

Hatua ya 8: Kwa daktari

Peleka karatasi yako ya herufi. Sema sentensi moja: "Ni upande wa kushoto tu, haujawahi kubadilika tangu mwezi fulani." Kisha uliza: "Utanitazama ndani kwa kamera?" Kamera ni mrija mwembamba, unasumbua kuliko kuumiza, na huchukua dakika chache. Picha ya kawaida ya eksirei ya uso haionyeshi mengi. Kama kuna uvimbe, kinachotakiwa ni skaneri (picha ya CT), na baadaye kipande kidogo kupelekwa maabara. Skaneri ni ghali, najua. Ndiyo maana kamera ije kwanza: mara nyingi inamaliza maneno.

Makosa ninayoyaona kila juma

Amoksisilini ya siku tano, kisha ya siku tano nyingine. Dawa hiyo hainyooshi ukuta uliopinda, haitoi shanga, haiondoi uvimbe. Hata ule ugonjwa wa bakteria unaokaza pua polepole, rinoskeroma, ambao upo huku Afrika ya Kati na Mashariki, unataka dawa nyingine kwa muda mrefu.

Kujifukiza kwa majani ya mikaratusi chini ya blanketi. Kwa mtu mzima anayejua anachofanya, sawa, inaburudisha. Kwa mtoto na sufuria ya moto, hapana. Nimefunga vidonda vya kuungua vingi kuliko pua nilizoona zikifunguka.

Kitunguu saumu tunduni. Kinachoma, makamasi yanatoka kwa wingi, mtu anasema uchafu umetoka. Ni pua inayolia.

Kukata kimeo, au kilimi kama wengine wanavyosema. Kimeo kiko kooni, katikati, wala hakina upande. Kukikata hakufungui pua, na watoto wamefariki kwa damu.

Ikikwama

*Siwezi kuacha matone.* Acha tundu moja kwanza. Endelea kuweka upande mmoja tu, na ule mwingine uoshe kwa maji ya chumvi. Siku chache zitakuwa mbaya, hasa usiku, inua mto. Upande ulioachwa ukifunguka, acha na wa pili. Hivyo ndivyo nilivyoachana na chupa yangu.

*Naona haragwe kwenye pua ya mtoto.* Usimwage maji, haragwe litavimba. Usitumie kibano kwa kitu cha duara, kitateleza ndani zaidi. Kama mtoto ametulia na si betri, mama ajaribu hivi: amwambie anampa busu, aweke mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto bila kuacha nafasi, azibe kwa kidole tundu lisilo na kitu, kisha apulize mara moja, kwa ghafla na kwa kifupi. Kwa zaidi ya nusu ya watoto kitu hutoka au husogea mbele. Mara mbili zikishindikana, hospitali.

*Nina mimba na pua imeziba.* Mimba huvimbisha pua, lakini pande zote. Osha kwa chumvi, na matone usiyaguse bila kuuliza.

*Daktari alinitazama kwa tochi tu akasema ni ukuta umepinda.* Inawezekana amesema kweli. Muulize tangu lini ungekuwa umepinda, na umwambie pua ilianza kuziba lini. Tarehe hizo mbili zisipopatana, omba kamera, hapo au kwingine.

*Ilifunguka yenyewe, kisha ikaziba tena.* Rudi kwenye kijiko, siku saba nyingine. Tafadhali karatasi ya kwanza usiitupe, zilete zote mbili.